Tupeane uzoefu: paka aliyetengwa na mama yake na ndugu zake, wakikutana tena wanatambuana?

MjukuuWaBombo

Salaam alaikum ndugu zangu. Naleta jambo ambalo hapa kwetu Bombo, Uganda, kila mtu analisema kwa uhakika, na kila mtu analo lake. Wazee wanasema paka akishaacha kunyonya, undugu umekwisha. Vijana wanasema hapana, paka anamjua mama yake hata mwaka ukipita.

Nauliza kwa sababu shangazi yangu anahama Arua kuja kukaa nasi, na anakuja na dume aliyezaliwa humu ndani kwangu. Aliondoka mdogo, sasa ni dume zima la mashavu mapana. Mama yake bado ninaye, na dada yake wa uzao uleule yupo pia. Nawapenda wote na sitaki waumizane. Naomba mseme mlichokiona kwa macho yenu: walitengwa wakiwa na umri gani, walikaa mbali kiasi gani, na siku ya kwanza walifanya nini. Ya kusimuliwa na jirani tuyaache.

StooMahindi_Busia

Wa alaikum salaam mama. Sisi hapa Busia tuna ghala la mahindi, na ghala bila paka ni hasara, panya wanatoboa magunia usiku kucha. Jike wetu ni wa kijivu mwenye milia. Mtoto wake mmoja alichukuliwa na dereva wa lori akamlea nyumbani kwake Tororo. Alichukuliwa akiwa amekwisha kuanza kula mwenyewe, akarudi kwetu akiwa na zaidi ya mwaka kwa sababu yule dereva alihama.

Siku ya kwanza haikuwa nzuri. Mama alipomwona anatoka kwenye boksi aliinua mgongo, mkia ukafura, akafoka na kumpiga makofi ya uso. Jambo nililoliangalia sana ni hili: dume hakurudisha. Alikuwa amemzidi mama kwa mwili, na baadaye tulimwona akiwatimua madume ya maghala ya ng'ambo bila huruma. Lakini kwa yule jike alijilaza chini, masikio pembeni, akawa ananyoosha shingo kunusa upande wake, akipigwa anarudi nyuma kidogo, kisha ananusa tena. Walikula mbalimbali kwa muda. Halafu asubuhi moja nilipofungua ghala niliwakuta juu ya gunia moja, mama anamlamba kichwa.

Imani yangu ni kwamba mtoto alimjua mama tangu siku ile ya kwanza. Mama ndiye aliyehitaji muda.

DagaaWaBwera

Mimi niko Bwera, nauza dagaa na samaki wa Ziwa Edward, kwa hiyo paka sikosi. Mmoja alikwenda kwa shemeji yangu ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, upande wa Kongo, akarudishwa amekua. Wateja wote walikuja kutazama atafanya nini na mama yake. Hakumtazama. Alinyoosha moja kwa moja hadi nyuma ya jiko la mkaa, kona ileile waliyozaliwa, akanusa ukuta wote kuanzia chini, akajikunja akalala. Mama alikuja baadaye, wakagusana pua, kila mmoja akaenda zake. Watu wakashangilia, "Amemkumbuka mamake!" Mimi niliona amekumbuka nyumba. Tusichanganye mambo hayo mawili.

AfandeMstaafu

Niliwahi kuishi na familia kwenye kambi ya polisi Kampala, na tulikuwa na majike wawili wa tumbo moja. Hawakuwahi kutengana tangu kuzaliwa, hata kulala walilala wamekumbatiana. Mmoja tukampeleka kufungwa kizazi, akarudi jioni ya siku hiyohiyo. Mwenzake alimrukia kama paka wa mtaani. Alimfokea usiku mzima, yule mgonjwa akajificha chini ya kitanda. Watoto wangu walilia.

Sasa nauliza: kama dada anasahaulika kwa siku moja, mama atakumbukwaje kwa mwaka mzima?

MifugoHoima

Afande, dada hakusahau. Mimi ni daktari wa mifugo huku Hoima. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe na mbuzi, lakini paka naletewa kila wiki, na kisa kama chako nakisikia mara nyingi.

Paka humtambua mwenzake kwa pua kwanza, macho yanafuata. Mtoto wa paka anazaliwa kipofu, na masikio yake nayo bado yameziba. Macho hufunguka kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Pua inafanya kazi tangu saa ya kwanza, na ndiyo inayompeleka kwenye chuchu. Watoto wengi hata hushika chuchu moja na kuirudia hiyohiyo. Kwa hiyo anamjua mama kwa harufu kabla hajawahi kumwona sura.

Tena paka ana tezi za harufu kwenye mashavu, kwenye paji la uso na chini ya mkia. Wale wanaoishi pamoja wanajisugua, wanalambana, wanalalia nguo moja, mpaka nyumba nzima inakuwa na harufu moja. Hiyo ndiyo inayosema "huyu ni wetu". Inafutika upesi isipohuishwa. Dada yule alirudi ananuka spiriti, dawa, hofu na wanyama wengine, na hata kutembea hakutembea kama kawaida yake. Kwa mwenzake alikuwa mgeni aliyevaa umbo la dada.

Ila kuna harufu ya pili, ya mwili wa mama mwenyewe, na hiyo inakaa. Mwaka 2022 watafiti wa Meksiko walichapisha matokeo ya watoto wa paka waliotengwa na mama zao wakiwa na wiki 8 na kupelekwa kwenye nyumba mpya. Walinusishwa harufu ya mama yao na ya jike wasiyemjua, wakiwa na wiki 8, kisha miezi 6, kisha walipopita mwaka mmoja. Hata wakubwa walizitofautisha. Kwa hiyo ndugu yetu wa Busia sishangai dume wako alikuwa ananyoosha shingo. Lakini kuitambua harufu hakumlazimishi paka awe rafiki. Mtu unaweza kumkumbuka na bado usitake akae kwako.

KutokaNakivale

Daktari, nisaidie na hili. Hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, nyumba zetu ziko karibu karibu, na paka hawana mpaka. Jike wangu alikuwa na watoto wachanga, na paka wa jirani akafa akaacha watoto wake. Tuliwaweka kwa jike wangu, akawalamba, akawanyonyesha bila ubaguzi. Wiki ileile mwanawe wa uzao wa nyuma, ambaye alikuwa amekaa kwa kaka yangu kitongoji kingine, alirudi nyumbani. Alimfukuza hadi barabarani! Wa jirani anamnyonyesha, wa kwake anamfukuza. Iliniuma sana, yule dume alikaa nje ya mlango analia.

MifugoHoima

Pole mama. Hakuna chuki pale. Jike mwenye wachanga humfukuza karibu kila paka mkubwa asiyeishi naye, na dume zaidi, kwa sababu dume asiye wa kwao anaweza kuua watoto. Wa jirani walikuwa wachanga, wanalia kilio cha wachanga, wako ndani ya kiota chake. Kuna majaribio yaliyochapishwa 2017 yaliyoonyesha kwamba mama paka anaweza kabisa kutofautisha harufu ya watoto wake na ya watoto wa mwingine, na bado huwalea wote. Katika hali ya kawaida majike wa ukoo mmoja huzaa na kunyonyesha pamoja, kwa hiyo kubagua hakumsaidii. Watoto wakishaacha kunyonya, mjaribu tena na yule dume.

MvuviNtoroko

Naongeza la Ziwa Albert. Huku mwaloni tuna paka wengi wanaokula mabaki ya samaki. Kaka na dada niliowalea walitengana kama nusu mwaka, mmoja kwangu, mwingine kwa mwenye mtumbwi. Walipokutana hawakupigana hata kidogo, walilala pamoja siku hiyohiyo, nikafurahi. Jike akashika mimba ya kaka yake. Kwa hiyo hata wakitambuana, haiwazuii.

MifugoHoima

Haiwazuii kabisa, na hapa ndipo nataka MjukuuWaBombo anisikilize. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 hadi 6 tu, na hubeba kama siku 63 hadi 65. Mama na mwana watapandana, kaka na dada watapandana. Dume wa Arua ahasiwe kabla ya kuwekwa na mama yake na dada yake.

MjukuuWaBombo

Nimekusikia daktari, na hilo la kuhasi nimelikubali. Shangazi naye amekubali. Sasa niambie siku ya kuwakutanisha nifanyeje, maana nyumba yangu ni vyumba vitatu na watoto wanakimbia humo.

MifugoHoima

Usiwakutanishe siku hiyo. Akifika apewe chumba chake, mlango umefungwa, na maji, chakula, boksi la mchanga na nguo aliyoilalia Arua. Awe amechanjwa kichaa cha mbwa, na atazamwe kama ana mafua au viroboto, usilete ugonjwa kwa wenzake.

Chukua kitambaa, msugue dume mashavuni, kitambaa hicho uwawekee mama na dada mahali wanapokula. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Siku za kwanza watakifokea kitambaa. Subiri mpaka wakinuse na kuendelea kula. Baada ya hapo walishe wakiwa pande mbili za mlango. Kisha fungua kidogo, waonane wakila. Wakianza kupigana usiingize mkono kati yao, tia ubao au mto. Wengine wanamaliza kwa siku chache, wengine kwa wiki kadhaa, na dume mzima kama huyo hunuka ukali hata baada ya kuhasiwa, mpe muda hiyo harufu ipungue. Mama akimfokea usiseme amemkana mwanawe.

DagaaWaBwera

Hapo kwenye kitambaa mnisikilize na mimi. Kisiwe kimefuliwa kwa sabuni ya manukato. Paka wetu anakimbia hata shati jipya.

MgeniWaMasaka

Samahani naingia mwishoni. Nina watoto wanne wa wiki tano, na watu wanawataka tayari. Mmoja ameniahidi kuja Jumapili kutoka Mukono. Wanakula mukene (dagaa) uliosagwa na posho (ugali) vizuri tu. Niwape?

MifugoHoima

Dada, kula si sababu ya kuwatoa. Wiki ya pili hadi ya saba ndiyo wanajifunza upaka wao: kuuma bila kuumiza, kucheza, kumzoea binadamu. Utafiti wa Ufini wa 2017 ulikuta kwamba waliotengwa kabla ya wiki 8 walikuwa wakali zaidi ukubwani, na waliokaa na mama mpaka wiki 14 ndio waliokuwa na tabia tulivu zaidi. Usishuke chini ya wiki 8, na ukiweza wakae mpaka 12. Wakiweza kwenda wawili wawili, vizuri zaidi. Kila mmoja aondoke na kipande cha nguo waliyoilalia na mama yao, na huyo mwenye nyumba asikifue.

MgeniWaMasaka

Ahsante daktari. Wa Mukono nimempigia sasa hivi, amekubali kusubiri, na amesema atachukua wawili. Blanketi la mama yao nalikata vipande vinne, kimoja kinabaki kwa mama.

StooMahindi_Busia

Watoto wanne na mama, hao ni watano. Kata vitano.