Mkongwe wangu wa milioni 30 hachezi tena: ni mali au ni deni?

Kisimani_Wete:

Asalaam alaykum wakubwa na wadogo. Nisikilizeni kwanza halafu mnicheke.

Huku Wete tuko saba, kila mmoja ana timu yake ya kubuni ya NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani. Hatutumii programu ya simu, tuna daftari kubwa la kaunta, na mwenye daftari ni fundi cherehani asiye na huruma hata kidogo. Sheria ni zile zile za NBA, namba za msimu wa 2024-25: kikomo cha mishahara dola milioni 140.6, mstari wa kwanza juu yake milioni 178.1, wa pili milioni 188.9. Mie nimefika milioni 171.

Nina mkongwe mmoja, miaka 37. Simtaji jina kwa sababu wenzangu wanasoma humu. Milioni 30, na mwaka huu ndio wa mwisho wa mkataba. Goti lishakwisha. Juzi nikasema barazani kwamba namwacha aende zake. Yakhe mmoja akaniinukia mbele ya watu: "Wewe unatupa pesa jaani!" Anadai mkataba wa yule mzee ndio mali yangu kubwa kuliko vijana wangu wote. Akanitolea mfano wa Memphis, Februari 2008: walimtoa nyota wao Pau Gasol kwa Lakers, na katika watu waliopewa alikuwemo Aaron McKie, ambaye wakati huo alikuwa hachezi kabisa, yuko Philadelphia anasaidia kufundisha.

Nikabisha. Mtu aliyekwishakaa benchi la makocha anauzwaje? Tumeahidiana: aliyekosea anawanunulia wote saba mkate wa ajemi na maharage asubuhi.

Naombeni mnifahamishe. Mlango wa kubadilishana kwetu unafungwa kesho saa tano usiku, sawa na saa tisa mchana ya New York, kama wafanyavyo wenyewe.

NgamboDamu:

Anza kuulizia bei ya mikate. Habari ya McKie ni kweli tupu. Lakers walimpa mkataba wa kama dola 750,000 kwa ajili ya kumtoa tu.

MawazoYaMizani:

Mwanangu wa Wete, wa alaykum salaam. Jamaa yako ana haki, ila hakukueleza kwa nini, kakupigia kelele tu. Mie nakaa Kikwajuni siku hizi lakini nimekulia Mkoani, na nitakueleza kwa njia ninayoijua.

Baba yangu Mungu amrehemu alikuwa na duka la mchele na sukari. Mizani ya vitanga viwili, na mawe ya chuma, ratili moja, mbili, tano. Lile la ratili tano lilidondoka siku moja kwenye ngazi, likameguka ukingoni. Mzee hakununua jingine. Alichukua waya wa shaba, akalizungushia, akapima, akaongeza mzunguko, akapima tena, mpaka likasawazika. Kazi yangu ilikuwa kulifuta kutu kila Ijumaa kabla ya sala. Sasa niambie, katika miaka yote ile, nani aliwahi kuingia dukani kununua jiwe? Hakuna. Lakini bila jiwe hakuna mchele uliotoka pale.

Ndivyo ilivyo NBA. Timu iliyo juu ya kikomo haiwezi kwenda kwa mwenzake ikasema nipe huyo nyota wako, nami nikupe vijana wawili na zamu yangu ya kuchagua chipukizi. Mishahara ya pande mbili lazima ikaribiane. Zamu ya kuchagua chipukizi haina mshahara, mizani haiioni. Kijana anayechipukia mshahara wake mdogo, kitanga hakishuki. Nani basi ana mshahara mzito na timu yake haitamlilia akiondoka? Mkongwe.

Njoo kwenye Gasol. Msimu ule alikuwa analipwa kama dola milioni 13.7. Sheria ya wakati ule ilikuwa unaweza kupokea hadi asilimia 125 ya unachotoa, na laki moja juu yake. Lakers walikuwa na Kwame Brown, milioni 9 na ushei, mkataba unamalizika mwisho wa msimu. Ongeza kijana Javaris Crittenton, milioni moja na kitu. Piga hesabu uone: haifiki, imebaki kidogo tu. Ndipo wakamkumbuka McKie, mchezaji wao wa zamani ambaye haki zake bado walikuwa nazo. Kwame ndiye jiwe. McKie ndiye waya wa shaba.

Dunia nzima iliicheka Memphis. Lakini jiwe lilipokwisha muda wake, Memphis wakabaki na nafasi ya pesa, zamu mbili za raundi ya kwanza, na haki za mdogo wake Gasol, Marc, aliyekuwa bado anacheza Hispania. Lakers walichukua ubingwa 2009 na 2010, sawa. Marc naye akaja kuwa mlinzi bora wa ligi nzima 2013. Wewe ukiangalia mawe, angalia na chini ya gunia.

Wala haikuwa mara moja. Mwezi ule ule Dallas walipomtaka Jason Kidd kutoka New Jersey walimtoa mafichoni Keith Van Horn, mtu ambaye hajagusa uwanja tangu 2006, akapata zaidi ya dola milioni 4 kwa kukubali jina lake litumike. Na Theo Ratliff! Msimu wa 2006-07 alicheza mechi 2 tu pale Boston, mgongo umemkatalia. Mshahara wake ulikuwa zaidi ya milioni 11 na unakaribia kumalizika. Kiangazi cha 2007 akaingia kwenye kitanga pamoja na Al Jefferson na wengine, upande wa pili akashuka Kevin Garnett. Mwaka uliofuata Boston mabingwa.

Lakini ninayempenda mie ni Erick Dampier. Dallas walikuwa na mkataba wake wa msimu wa 2010-11, dola milioni 13, usio na dhamana hata senti. Maana yake, atakayempokea anaweza kumwachia mlango siku ya pili asimlipe kitu. Jiwe la barafu! Linapima, halafu linayeyuka. Charlotte walikuwa wanakimbia kodi ya mishahara, ile inayotozwa timu yenye mishahara mikubwa kupita kiasi, wakamchukua Dampier na wenzake wawili, wakamtoa Tyson Chandler. Dampier hakuvaa jezi yao hata siku moja, walimwacha kabla msimu haujaanza. Chandler akasimama chini ya kikapu pamoja na Dirk Nowitzki, na Juni 2011 wakawafunga Miami fainali.

Basi huyo wako usimwache bure. Ila na kumkumbatia sana pia ni hasara. Portland msimu wa 2008-09 walikuwa na mkataba wa Raef LaFrentz, kama milioni 12.7, watu wakauimba mwaka mzima kuwa utaleta makubwa. Februari ikaja ikapita, hawakumtoa. Jiwe likafia rafuni.

BintiWaJambiani:

Mzee Mizani shikamoo, na hadithi ya waya nimeipenda. Lakini jiwe halina watoto walioanza skuli mji mwingine.

Al Horford aliposajiliwa Philadelphia wakaona hafai, mwaka 2020 walimsukuma Oklahoma City, na wakaongeza zamu ya raundi ya kwanza juu yake ili achukuliwe. Yaani walilipa ili aondoke. Kule alicheza mechi 28, akaambiwa akae nyumbani, timu inataka kuwapa nafasi vijana. Mtu mzima, mzima wa afya, analipwa kwa kutocheza. Juni 2021 Boston wakamrudisha, wakamtoa Kemba Walker na zamu ya 16. Alikuwa jiwe kwa wale, kwa Boston akawa nguzo, na 2024 akachukua ubingwa ana miaka 38. Jee, hao waliomhesabu kwa uzito waliona nini?

Na huyu wa kwetu? Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, Memphis hao hao walimchagua wa pili mwaka 2009. Februari 2011 wakampeleka Houston na kitu juu, wakampata Shane Battier, mkongwe ambaye mkataba wake ulikuwa unamalizika. Na Battier alicheza! Miezi miwili baadaye Memphis, wakiwa wa nane, waliwatoa San Antonio waliokuwa wa kwanza. Hapo mkongwe ndiye mchele na kijana wetu ndiye jiwe. Agosti 2014 Thabeet akapelekwa Philadelphia, akaachwa baada ya siku chache. Nilikuwa nacheza kikapu skuli wakati ule, kila mmoja wetu alitaka namba ya jezi yake. Iliniuma, sifichi.

Kwa hiyo muulize huyo fundi cherehani wenu jambo moja: katika daftari lenu mchezaji ana haki ya kukataa? Maana safari ya Kidd ile ile iliyotajwa hapo juu, mpango wa kwanza ulikwama kwa sababu Devean George alikuwa na haki ya kisheria ya kukataa kuhamishwa, naye akakataa. Van Horn aliletwa baada ya hapo. Mtu mmoja wa benchi alizuia wakubwa wote wale.

MawazoYaMizani:

Marahaba mwanangu. Umenipata kwa Battier. Na ukweli wa mwisho kuhusu lile jiwe la baba: liko kwa dada yangu Mkoani, linazuia mlango wa jiko usijifunge kwa upepo. Waya bado uko.

Mhasibu_Chake:

Hadithi nzuri, lakini nyingi ni za sheria za zamani. Kijana atakwenda kwa fundi na Ratliff, akirudi analia. Mie nafanya mahesabu ya watu mchana kutwa, nivumilieni.

Tangu makubaliano mapya ya 2023, kinachoamua ni uko wapi kwenye ile mistari. Uko chini ya mstari wa kwanza, unaweza kupokea zaidi kidogo ya unachotoa, lakini ukishafanya hivyo umefungwa, huruhusiwi kuuvuka mstari huo mpaka msimu uishe. Wewe una milioni 171, kwa hiyo una nafasi ya milioni 7 tu. Usije ukapokea mtu wa milioni 38, fundi atakufutia. Walio juu ya mstari wa kwanza hawapokei hata dola moja ya ziada. Walio juu ya mstari wa pili ndio wamebanwa haswa: hawawezi kuunganisha mikataba miwili wapate nyota mmoja. Kwa lugha ya mzee, jiwe moja tu kwenye kitanga, na waya ni marufuku.

Ndiyo maana jiwe moja kubwa kama lako siku hizi lina thamani kuliko mawe manne madogo. Mtazame Chris Paul 2023. Mkataba wa milioni 30 na kitu, sehemu tu ndiyo yenye dhamana. Phoenix wakautumia kumpata Bradley Beal, Washington hawakukaa naye hata kidogo, wakampeleka Golden State wakamchukua Jordan Poole. Mkataba mmoja, timu tatu, kiangazi kimoja. Mwaka uliofuata Golden State wakamwacha, kwa sababu mwaka wa mwisho haukuwa na dhamana.

Jambo jingine la kuangalia, usimpeleke kwa rafiki yako mkakubaliana amwache halafu arudi kwako. Cleveland walifanya hivyo 2010 na Zydrunas Ilgauskas: wakamtoa Washington, wakampata Antawn Jamison, Washington wakavunja mkataba, siku 30 zikapita, mtu karudi Cleveland kama aliyetoka sokoni. Sheria ikabadilishwa mwaka uliofuata. Sasa akiachwa na waliompokea, harudi kwako mpaka mwaka upite au mkataba ule uwe umekwisha.

Tafuta katika hao sita nani ana mchezaji mzuri wa milioni 28 au 30 mwenye miaka mitatu mbele, na mwenyewe anaogopa kodi. Huyo ndiye mteja wako. Wewe unachomuuzia ni kupumua mwakani.

NgamboDamu:

Na mikate je? Hakuna aliyesema mikate.

Kisimani_Wete:

Shukrani wote, Mzee Mizani shikamoo. Mikate nishanunua, ilikuwa ya moto, maharage yalizidi chumvi.

Haki ya kukataa: fundi kasema mkongwe wangu hana. Anayepewa ahadi hiyo ndani ya mkataba lazima awe na miaka 8 kwenye ligi na 4 na timu ile ile, na huyu nimekaa naye miwili. Dada wa Jambiani, nilimwuliza kwa ajili yako.

Mteja nimempata, na ni yule yule aliyenipigia kelele barazani! Ana mshambuliaji wa milioni 31, miaka mitatu, kodi inamkaba. Nimempelekea ujumbe saa nne na robo. Kajibu kwamba jiwe kalikubali, lakini anataka na waya: zamu yangu ya raundi ya kwanza ya mwakani, au yule kijana wangu wa milioni 4.

Imebaki nusu saa. Nimtoe yupi?