Kulipa, kulipia na kutumia: maneno ya fedha katika Kiingereza

Ndugu zangu, salaam.

Ninajaza fomu ya kudai fedha nilizotoa mfukoni kwa safari ya kikazi, na katika ukurasa mmoja nimekutana na maneno price, cost, expense, charge, fee na fare, ambayo karibu yote nimezoea kuyafasiri kuwa gharama. Naomba mwenye ujuzi anieleze yanavyotofautiana, kwa kuwa sitaki kutia sahihi jambo nisilolikusudia.

Mdogo wangu, salaam.

Price ni bei, yaani kiasi anachotaja muuzaji, ilhali cost ni jumla ya yote yanayokutoka mpaka jambo likamilike, usafirishaji na matengenezo yakiwemo. Fare ni nauli na haitoki nje ya usafiri. Fee ni ada, hasa ya mtaalamu au taasisi, na charge ni kiasi unachotozwa, kama yale makato ya benki. Katika fomu yako neno kuu ni expenses, yaani matumizi uliyokwisha kuyafanya kwa ajili ya kazi, ambayo mara nyingi hudaiwa stakabadhi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu vitenzi ndivyo vinavyotuponza zaidi. Sisi husema "nilitumia fedha nyingi", kisha tukaandika used mahali panapotaka spent. Tena ukiongeza kiambishi kimoja tu, "nilimtumia fedha", maana inahamia kwenye kutuma, nayo ni sent. Anayeyachanganya hayo katika barua ya maelezo kwa benki anaweza kuonekana amekula fedha ambazo kwa kweli alizipeleka kwa mzazi wake.

Kuhusu kulipa, lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Unalipa deni, unalipa nauli, unalipa faini: hapo pay haihitaji for. Lakini unalipia chakula, unalipia chumba, na hapo ni pay for. Ukisita, itamke kwanza sentensi yako kwa Kiswahili, kwa maana mara nyingi ile i ya kulipia ndiyo for yenyewe. Vivyo hivyo, safari ndiyo inayokugharimu, si wewe unayeigharimu, na kitenzi cost hakibadiliki kwa wakati uliopita. Costed ipo, lakini maana yake ni nyingine: alikadiria gharama.

Ahsante sana, dada yangu. Nimeirudia fomu na kukuta niliandika I costed mara mbili, nami nimesahihisha. Naomba unisaidie pia kuhusu mkataba wa nyumba, ambao una rent, deposit na fee.

Rent ni kodi unayomlipa mwenye nyumba, na usiichanganye na tax, ambayo kwetu nayo ni kodi lakini ni ya serikali. Deposit ni amana, inayoweza kurudi kwako mkataba ukiisha kwa kufuata masharti yake, ilhali fee kwa kawaida hairudi. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, muombe mwenye nyumba aandike kila kiasi kwa jina lake.