Naomba ushauri: mama ameingiwa na haya, hataki tena kwenda kusikiliza muziki

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Chicago, na tangu mama mzazi aje kutoka Tanga nimekuwa nikimpeleka kwenye matamasha ya bure ya Dame Myra Hess (yamepewa jina la mpiga piano Mwingereza), ambayo yalianza mwaka 1977 katika jengo la Chicago Cultural Center, lililofunguliwa mwaka 1897 kama maktaba kuu ya umma na ambalo hadi leo ni mali ya jiji. Hakuna tiketi, unaingia, unakaa, unasikiliza piano.

Mama amelelewa katika taarabu, ambako msikilizaji aliyeguswa huinuka akamtunza mwimbaji kwa fedha hadharani. Basi majuzi, chini ya lile kuba kubwa la vioo vya Tiffany, sehemu ya kwanza ya sonata (muziki mmoja wenye sehemu kadhaa) ilipokwisha alipiga makofi peke yake kwa furaha, na mtu wa mbele yetu akageuka akamkazia macho. Mama aliificha mikono ndani ya kanga na hakuinua uso hadi mwisho. Sasa kila Jumatano anasema amechoka, nami najua si uchovu.

Kwa wenye uzoefu wa kukaa na wazazi ughaibuni: nimwelezeje kwamba huku makofi husubiri hadi sehemu zote za sonata ziishe, bila kumfanya ajione ametiwa adabu na mwanawe? Au nimwache apumzike kwanza, kisha nimwombe anisindikize mimi?