Ati "kwani huko Pemba mnafundishwa Eksel?" Wallahi leo tutajuana

Mtoto_wa_Wete:
Simtaji jina, mnamjua. Yule wa tai ndefu na laptopu mbili, aliyeletwa na mfadhili aje kutuwekea mfumo wa mahitaji, yaani programu ya kuorodhesha mambo ambayo mfumo utakaojengwa unatakiwa uyafanye. Akisalimiwa hujibu kwa kidole. Huyohuyo.

Leo kikao cha ripoti. Wakubwa wamekaa, vitumbua vimepita, Power BI, programu ya kuchorea grafu za ripoti, iko ukutani. Nafungua ripoti ya mfumo wetu wa tiketi za boti, wenye miradi mitatu, tiketi, mizigo na malipo, safu za Kipaumbele zinatoka TATU. Kipaumbele, Kipaumbele na Kipaumbele. Ya kwanza imejaa kwenye mahitaji ya tiketi, kwengine kote tupu. Ya pili imejaa kwenye mizigo tu. Ya tatu malipo. Jumla ya mahitaji ya "Juu" inahesabu ya tiketi peke yake, mengine yote yamezama Nungwi. Mkurugenzi anauliza kulikoni. Bwana yule kanigeukia mbele za watu, kacheka kwanza, halafu: "Kwani huko Pemba mnafundishwa Eksel?"

PEMBA. EKSEL. Mie!

Sasa nani kaziunda zile sifa tatu, ndo hizo safu za Kipaumbele, moja baada ya moja, kwa mikono yake? Sifa ukiiunda bila ya kuiandikia URI, yaani anwani ya kuitambulisha mfano wa anwani ya tovuti, programu inaizulia ya kwake, mlolongo wa herufi na namba usio kichwa wala miguu, na kila mradi unazuliwa yake mbali. Chombo cha ripoti hakishughuliki na jina, kinatizama URI. Kwa hivo kwake yeye zile ni Kipaumbele tatu zisizojuana. Kisanduku cha kuandikia URI kipo palepale kwenye ukurasa wa sifa, na ruhusa ya kuufungua ukurasa ule anayo yeye tu, kailalia usiku na mchana. Mie kazi yangu kuchora grafu!

Lakini tuyaache hayo. Eksel! Na ile si Eksel hata! Hata kutukana hajui anatukania kitu gani. Mkurugenzi kacheka. Aliyeleta vitumbua kacheka. Wa projekta kacheka mpaka picha ikatikisika ukutani. Mie nimesoma Pemba skuli mpaka kidato cha sita, leo naulizwa na mtu asiyejaza kisanduku.

Baharia_Mkoani:
Pole sana yakhe. Ila suala limebaki palepale: mnafundishwa? 😂😂

Mtoto_wa_Wete:
Toka kwenye uzi wangu.

Shoga_wa_Bububu:
Huyo namjua jamani! Kwetu aliambiwa azifananishe URI, akazibadilisha saa nne asubuhi watu wamo kazini. Ripoti zote za zamani zikatoka tupu, maana zilikuwa zimeshikilia URI zile za kale. Tulipomuuliza akasema "intaneti ya hapa". Intaneti!

Fundi_Kikwajuni:
Mbona jepesi. Kipaumbele ipewe URI moja kwenye miradi yote mitatu. Aina za mahitaji nazo vivyo hivyo, na kila chaguo ndani ya orodha, "Juu", "Kati", "Chini", msije mkasahau hapo maana chaguo nalo lina URI yake. Mukishabadilisha, subirini chombo kisome data upya, ndipo mrekebishe ripoti. Bora zaidi angeanza na kiolezo kimoja chenye URI zote, miradi ikazaliwa humo. Na wala URI si lazima ifunguke kwenye kivinjari, ni utambulisho tu. RDF, mtindo wa kueleza data kwa kutumia URI, ni pendekezo rasmi la W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 1999, huyo bwana alikuwa na muda wa kutosha kuisoma.

Mtoto_wa_Wete:
Ahsante kaka, lakini sikuomba dawa. Mtu kaniuliza mbele ya mkurugenzi kama Pemba tunafundishwa Eksel.

Mzee_wa_Baraza:
Wanangu, URI sijaifahamu ni mdudu gani, nimesoma kwa ajili ya kisa tu. Vitumbua vilibaki?

Injinia_Asiyelala:
Mnajitesa bure. Toeni data kwa ReqIF, muundo wa faili za mahitaji, muishe. Kiwango cha OMG, shirika la viwango vya programu, tangu 2011, asili yake watengeneza magari wa Ujerumani. Wajerumani hawabahatishi.

Fundi_Kikwajuni:
ReqIF ni ya kuhamisha mahitaji kutoka programu moja kwenda nyengine. Grafu ya mkurugenzi hailetwi nayo. Isije ikawa ndo bwana mwenyewe kaingia kwa jina jengine.

Shoga_wa_Bububu:
😂😂 Mtizameni kidole kama anajibia salamu.

Injinia_Asiyelala:
Mie nina tai moja tu, ya harusi.

Binti_Chake:
Subirini kwanza. Mfumo wa tiketi za boti ndo huu?? Kumbe! Juzi nimepanda boti ya Pemba, kiti changu kina mama na watoto wawili na tiketi yake ina namba yangu. Tumeshuka Mkoani ndugu.

Mtoto_wa_Wete:
Dada, mfumo wenyewe haujajengwa bado, haya ni mahitaji tu.

Binti_Chake:
Basi muandike hitaji langu hapo. Kipaumbele: Juu. Kwenye safu zote tatu.

Baharia_Mkoani:
Nyie mnalilia safu na viti. Ofisini kwetu rimoti ya kiyoyozi inakaa mfukoni mwa mtu mmoja. Akienda kusali tunapikika, akirudi tunaganda.

Mzee_wa_Baraza:
Kiyoyozi si kitu. Urojo siku hizi ndo msiba. Unapewa maji ya ukwaju, bajia moja inaogelea peke yake.

Shoga_wa_Bububu:
Babu unanunua wapi? Nenda Jang'ombe.

Mzee_wa_Baraza:
Jang'ombe ndo nilikoupata huo.

Mtoto_wa_Wete:
Jamani. Eksel. Kaniuliza EKSEL.

Binti_Chake:
Urojo wa Chake mishkaki miwili na kachori, na mwenye kigari anakusalimu vizuri. Waunguja mnakunywa mvua.

Shoga_wa_Bububu:
Haya, imeanza. Kachori gani ya Chake hiyo, mbatata mbichi ndani?