Mo Amin alirudije kazini na mkono mmoja?

Swali: Wakuu, nasikia yule Mkenya mpiga picha wa TV, Mohamed Amin, alikatika mkono akiwa kazini vitani halafu akarudi kushika kamera. Ni kweli au stori za vijiweni? Kamera za enzi zile zilikuwa mzigo wa begani, sasa mkono mmoja unafanyaje?

Jibu: Kweli kabisa mkuu. 1991 alikuwa Addis Ababa, ghala la silaha likalipuka, mkono wa kushoto ukaenda, fundi wake wa sauti akafa. Akawekewa wa bandia, akarudi mzigoni.

Jibu: Watu wanamjua kwa Korem tu, ile njaa ya Ethiopia 1984 aliyoenda na Michael Buerk wa BBC, ila mzee alianza mbali bana, Camerapix, kampuni yake ya picha, kaifungua Dar 1963 akiwa bado kijana mdogo, na Zanzibar walishamsweka ndani 1966.

Jibu: Mimi kinachoniuma ni alivyoondoka. Kapona mabomu yote hayo, halafu Novemba 1996 ndege aliyopanda ikatekwa, mafuta yakaisha hewani, ikaangukia baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, kule Comoro. Inasimuliwa alikuwa kasimama anabishana na watekaji.