Uzi: Muziki wa filamu umewahi kukufanyia nini? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kibanda
Wadau, naanza mimi. Ujanani nilikuwa nakusanya hela mlangoni kwenye kibanda cha video, Jinja, Uganda. Siku moja tukaweka filamu ya kutisha: msichana anapanda ngazi gizani. VJ wetu, yaani mtafsiri wa filamu wa papo hapo, kila akitaka kusema kwa Kiganda, anashusha sauti ya filamu, na muziki unashuka nayo. Watu wakacheka: "Dada, huko juu unafuata nini usiku wote huu?"

Kesho yake filamu ileile, VJ mwingine. Kufika kwenye ngazi, akanyamaza. Zikabaki fidla peke yake, zinakwaruza kama kucha kwenye bati. Mabenchi kimya. Muuza karanga akasimama na chenji ya mtu mkononi, kasahau anampa nani. Mimi niliyeiona jana yake ndiye niliyetoka nje! Tangu hapo VJ nampima kwa anapojua kunyamaza.

Haya, leteni zenu.

Mama Pacha
Mimi sifumbi macho, naziba masikio. Wanangu wananicheka, lakini jaribuni: jini lote linageuka mtu aliyepakwa unga.

Fundi wa Ndeeba
Nahariri video za harusi na kwanjula, ile sherehe ya binti kumtambulisha mchumba nyumbani kwao. Kuna moja, mama wa binti analia kwa furaha, nami nikamwekea kinanda cha polepole, nikajua hapa nimeua. Baba mwenye nyumba akatazama kidogo, akaniuliza: "Kijana, hapa kafa nani?"

Nikaondoa kinanda, nikarudisha ngoma zilizopigwa siku ileile. Picha sikugusa hata moja. Mama yuleyule, machozi yaleyale, safari hii sebule nzima wanapiga vigelegele. Nusu ya hela yangu iliyobaki nikapewa hapohapo.

Mzee wa Kibanda
"Kafa nani" 😂😂 Fundi, pole.

Dereva wa Malaba
Yangu ni ya Jaws, ile filamu ya papa mla watu ya 1975. Papa wao wa mitambo alikuwa akiharibika kwenye maji ya chumvi, ikabidi mwongozaji, Spielberg, asimwonyeshe sana. Mtunzi wa muziki, John Williams, akampa noti mbili tu za muziki, zinaanza taratibu halafu zinakaza mwendo. Hujaona hata pezi, tayari umekunja miguu kwenye kochi.

Basi niko na mdogo wangu, linatokea pezi, watu ufukweni wanakimbizana. Yeye katulia: "Kaka, huyo si papa, hajapigiwa muziki." Kweli, walikuwa watoto wawili na pezi la bandia! Akavimba kichwa jioni nzima. Kumbe watengenezaji walikuwa wanamlea tu. Baadaye yule mkuu wa polisi anamwaga chambo baharini, anaongea zake, hakuna noti hata moja, na papa huyo, kinywa wazi. Chai yote ikaishia kwenye mkeka.

Mama Pacha
Ngoja kwanza. Kwa hiyo hata kuziba masikio hakunisaidii?