Majina ya kike yanayoanza na "Mwana" (Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi n.k.): tupeane uzoefu

Mzee wa Shajara
Wanajamvi, salaam. Tuanze na kosa linalorudiwa kila siku: Mwanajuma si "mtoto wa Juma". Mwana hapa ni heshima ya mwanamke, kama tunavyosema Bibi. Kisiwani Pate alikuwako Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi wa karne ya 19, na bintiye akaitwa Mwana Hashima. Mombasa husimuliwa habari za Mwana Mkisi, aliyetawala kabla ya Shehe Mvita. Kwa wanaume heshima hiyo ni Mwinyi, ndiyo maana kuna Mwanajuma na Mwinyijuma, Mwanamkuu na Mwinyimkuu. Ingekuwa maana yake ni mtoto tu, hata wavulana wangeitwa Mwanajuma.

Somo wa Ng'ambo
Umenena. Ila wengi wanakwama kwenye siku ya kuzaliwa: Mwanajuma ni wa Ijumaa, Mwanahamisi ni wa Alhamisi. Ijumaa ya majina haianzi saa sita usiku, inaanza jua likizama Alhamisi. Binti aliyezaliwa Alhamisi saa tisa alasiri ni Mwanahamisi. Aliyezaliwa siku hiyohiyo saa tatu usiku ni wa usiku wa Ijumaa, basi ni Mwanajuma. Cheti cha hospitali kitawaandikia wote wawili tarehe ile ile, halafu mjukuu anafungua kalenda kwenye simu na kusema bibi alikosea! Ukitaka kuhakiki, uliza kwanza kama ilikuwa kabla au baada ya magharibi. Kama ni baada, songa siku moja mbele.

Siku nyingine hazina jina la namna hii. Hakuna Mwanajumatatu. Pili na Tatu kwa kawaida ni mpangilio wa kuzaliwa, na Chausiku ni wa usiku wowote. Mwanaidi ni wa Idi.

Kitukuu cha Pate
Si yote ya siku, jamani. Mwanaisha ni Mwana na Aisha, Mwanahawa ni Mwana na Hawa. Mwanatumu naye ana sura nyingi: Mwantumu, Mwatumu. Ulimi ukikimbia, "na" inamezwa, Mwanajuma anakuwa Mwajuma. Kwa wanaume ni hivyohivyo, Mwinyijuma akawa Mwinjuma.

Msiwachanganye na Mwakyusa, Mwaipopo au Mwakasege. Hayo ni majina ya ukoo ya Wanyakyusa, hayahusiani kabisa na Mwana wa pwani.

Karani Mstaafu
Nizungumzie makaratasi, maana balaa liko huko. Andikeni jina kwa neno moja. Ukiandika "Mwana Hamisi Salum", fomu ya majina matatu inamchukua Mwana kuwa jina la kwanza na Hamisi kuwa la baba. Binti wa Salum anageuka binti wa Hamisi na mjukuu wa Salum. Kosa la pili ni ufupisho: cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanajuma, mwalimu anaandika Mwajuma kama anavyoitwa nyumbani, na cheti cha mtihani kinatoka hivyohivyo. Linganisheni jina la shuleni na cheti cha kuzaliwa kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba, herufi kwa herufi, hata ile "i" ya mwisho wa Mwanahamisi. Wakati huo ni suala la kumwona mwalimu mkuu tu. Vyeti vikishatoka, ni kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kila ofisi itataka nakala yake.

Somo wa Ng'ambo
Na akika, yaani sadaka ya mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto, nayo ina hesabu yake. Ni siku ya saba: jina linatangazwa, nywele zinanyolewa, na madini ya fedha ya uzito wa nywele hizo yanatolewa sadaka. Binti ni mbuzi mmoja, mvulana wawili. Kwa wanaoanza kuhesabu na siku ya kuzaliwa, Mwanajuma aliyezaliwa Ijumaa mchana akika yake inaangukia Alhamisi. Aliyezaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, hesabu inaanza na mchana unaofuata, kwa hiyo naye ni Alhamisi.